Kwa Mjomba, kuhusu mechi mbili zilizofutwa

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo makusudi, kwa sababu Mama husema hata mtu aliyekasirika hawezi kuiacha bila kuiitikia. Kwa hiyo nahesabu kwamba huko Korogwe uliko, ukifika hapa, umeshasema marahaba, hata kama ni kwa kunung'unika.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nikutumie ule ujumbe. Alama mbili za buluu zilitokea kabla sijaiweka simu mezani, basi najua umeusoma. Tangu hapo sikai. Nafungua kitabu cha kemia, nasoma mstari mmoja mara nne, nakifunga. Juzi nilishuka sokoni kununua ndizi za kupika nikarudi na vitunguu. Mama ananiangalia ninavyoinuka na kuketi, ananiuliza, "Umekalia siafu?" Anajua nimekalia nini.

Naiandika barua hii wazi, wengine nao waisome, kwa sababu nimeandika jambo lako mahali ambapo watu wengi watalisoma, na si haki walisome kwa Kiingereza tu, kwa mistari miwili, kana kwamba wewe ni jina kwenye orodha. Nataka pawe na mahali pengine, kwa lugha yetu, penye maelezo marefu.

Wasiokujua niwaambie. Wewe ni kaka yake Mama. Ulitupokea mimi na yeye hapa Walthamstow nilipokuwa na miaka saba, ukatupa chumba chako, ukalala sebuleni kwenye kochi ambalo miguu yako ilining'inia nje. Ulikuwa unasafisha mabasi kwenye gereji, baadaye ukawa dereva. Na kila Jumamosi ambayo hukuwa na shifti ulikuwa unakwenda kuitazama klabu ndogo ya mpira ambayo wenyewe wanaiita Brashi, kwa sababu iliundwa na wafanyakazi wa kiwanda cha brashi zaidi ya karne moja iliyopita. Kiwanda kilishakufa. Klabu bado ipo, chini kabisa kwenye ngazi za mpira wa Uingereza, ambako beki ni fundi bomba na kipa anachelewa kwa sababu amekwama kazini.

Unakumbuka Jumamosi ya kwanza uliyonichukua? Sikutaka kwenda. Nilibeba kitabu cha maktaba nikasimama nimeegemea uzio, nikasoma. Nilidhani utanikataza. Uliniinamia ukasema, "Wewe soma, Bi Karani. Ukisikia watu wamenyamaza, inua kichwa." Nikaona ni ushauri wa ajabu, maana nilidhani mpira ni kelele. Lakini ulikuwa sahihi. Watu kama mia moja walikuwa wakiongea mambo ya mvua na ya migongo yao, ghafla wote wakanyamaza, nikainua kichwa, na mpira ulikuwa tayari unaelekea wavuni. Nimeyaona mabao mengi ya Brashi kwa njia hiyo. Sijawahi kuona pasi iliyotangulia hata moja.

Nilichokipenda zaidi ni mapumziko. Pale hakuna mwenye kiti chake. Kipindi cha kwanza kikiisha, mashabiki wote wanauzunguka uwanja na vikombe vyao vya chai kwenda kusimama nyuma ya goli ambalo Brashi itashambulia kipindi cha pili. Hawaambiani. Wazee wenye fimbo, akina mama, mbwa, wote wanahama upande. Ulisema, "Watu hawa hawakubaliani juu ya kitu chochote duniani isipokuwa hiki." Na kila tulipofika kona ile ya mbali, penye ukuta wa bustani za watu, ulikuwa unasimama, unapiga ardhi kwa kisigino, unasema, "Hapa."

Hapo ndipo ulipofungia bao lako. Uliichezea Brashi msimu mmoja, miaka mingi kabla hatujaja, na ulifunga bao moja, dhidi ya timu ya huko karibu na Barking. Krosi ikatoka kulia, ukaipiga kwa mguu wa kushoto kabla haijagusa chini. Nilipokuwa na miaka minane, ulikuwa umbali wa hatua kumi na mbili kutoka golini. Nilipofika kumi na tatu, "Hapa" ilikuwa imesogea nyuma hadi karibu na benchi la wachezaji wa akiba. Nilikuambia, "Mjomba, mwakani utakuwa unapigia nje ya geti." Ukacheka mpaka chai ikakumwagikia mkononi. Nilipokuuliza kwa nini uliacha kucheza, ulisema goti.

Halafu Bibi akapata kiharusi, ukaondoka. Kwenye uwanja wa ndege ulimwambia Mama kwamba utarudi kabla ya msimu kuanza. Msimu ulianza, ukaisha, mwingine umekaribia.

Jumamosi zile za mwanzo nilishindwa kukaa nyumbani. Mama alikuwa kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na kochi lako lilikuwa limekunjwa vizuri mno. Nikawa nakwenda uwanjani peke yangu. Ni mimi huyo, ambaye nikitakiwa kuagiza chipsi namsukuma mtu mwingine aseme. Nilikuwa najificha kwenye ukumbi wao mdogo, nasoma maandishi yaliyo chini ya picha za timu za zamani. Siku moja Mzee Derek akanikuta. Wewe unamjua; kwa wasiomjua, ni postamasta mstaafu, karani wa klabu tangu Mama hajazaliwa. Akaniuliza, "Unaweza kusoma mwandiko mbaya?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akaniletea sanduku jekundu lililojaa madaftari.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kuandika historia ya Brashi. Wanataka kitabu. Mzee Derek anaandika sura, mimi nasoma madaftari na kutengeneza majedwali. Mjomba, hukuwahi kuniambia nusu ya mambo haya. Kwamba uwanja wa kwanza ulikuwa malisho, na kabla ya mechi mtu alitumwa na koleo kuzoa samadi. Kwamba wakati wa vita bomu liliangukia jukwaa, na wanawake wa kiwandani ndio waliofagia vioo, wakakata majani na kuendelea kuandika kumbukumbu za vikao, ingawa hapakuwa na mechi yoyote ya kuandika. Daftari lao ninalipenda kuliko yote. Kuna ukurasa unaosema tu: kikao kimefunguliwa, chai imenywewa, kikao kimefungwa. Nilisoma hayo nikajihisi nimepata watu wangu.

Nyuma ya kitabu tunaweka orodha ya kila mchezaji aliyewahi kuvaa jezi ya klabu, mechi alizocheza na mabao aliyofunga. Nilikutafuta siku ya kwanza kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikupata. Wao walikuita Ray, kwa sababu Rajabu liliwashinda. Mechi zako zilikuwepo. Kwenye mabao palikuwa na sifuri.

Nilihesabu tena. Nikafungua daftari lingine la jumla za misimu. Sifuri. Nilitoka pale nikapanda basi, nikapitiliza kituo chetu bila kujua. Kwa siku nne nilikuona muongo, Mjomba. Nakuomba radhi kwa siku hizo nne. Nilikuwa nikiikumbuka kila "Hapa" yako, na kisigino chako, na nikajiona mjinga niliyeshikilia kikombe cha chai.

Siku ya tano nilimuuliza Mzee Derek, bila kukutaja, kama inawezekana bao lifungwe halafu lisiwepo. Akasema, "Inawezekana sana." Akanieleza sheria. Timu ikifilisika au ikikosa wachezaji, ikajitoa kwenye ligi kabla ya msimu kuisha, kila mechi iliyocheza msimu ule inafutwa. Pointi zinafutwa, mabao yanafutwa, ya kwake na ya waliocheza nayo. Hesabu inafanywa kana kwamba haikuwahi kuingia uwanjani. Na ile timu ya karibu na Barking ilijitoa.

Kwa hiyo ulifunga, na halikuhesabiwa. Sijui kwa nini hukuniambia sehemu hiyo. Labda ulidhani bao lililofutwa si la kumsimulia mtoto.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya hata kwenye mtihani. Nikiwa peke yangu na kompyuta ya klabu, nikafuta sifuri nikaweka moja. Nikahifadhi. Nikazima.

Furaha yake haikufika nyumbani. Majedwali yale niliyatengeneza mimi, Mzee Derek aliniambia hatayapitia tena kwa sababu ananiamini, na sasa ndani yake mlikuwa na kitu kimoja kisichofuata sheria, nami tu nilijua kiko wapi. Nilikuwa nakiona hata nikiwa darasani. Nikijumlisha mabao ya msimu ule yalizidi kwa moja. Nilianza kuogopa kwamba kuna mzee mmoja mahali fulani, mwenye daftari lake, ambaye naye anajumlisha. Wapo wengi kwenye mpira wa ngazi hizi. Baada ya siku sita nilishindwa.

Tulikuwa kwenye kibanda cha chai. Bi Maureen, ambaye amepika kwenye kibanda kile miaka yote, alikuwa anakata vitunguu vya baga.

"Nimeongeza bao," nikasema.

Mzee Derek akakoroga chai yake. "La nani?"

"La mjomba wangu."

"Ray? Ni kweli alifunga. Nilikuwepo. Lilikuwa bao baya sana."

"Mpira ulimgonga kwenye ugoko," Bi Maureen akasema bila kuinua kichwa. "Yeye mwenyewe alikuwa anatazama kwingine."

"Aliniambia alilipiga na mguu wa kushoto," nikasema. "Hewani."

"Ugoko wa kushoto, basi," akasema Bi Maureen. "Hilo nitamkubalia."

Samahani, Mjomba. Nilicheka. Nilikuwa nimebeba jambo lile siku sita, na ikawa rahisi ghafla. Lakini Mzee Derek hakucheka. Aliweka kijiko chini akasema hawezi kumwekea bao mtu mmoja tu. Kuna wengine waliofunga katika mechi zilizofutwa, wengine walifunga matatu, wamekufa na mabao yao hayamo popote. Akafikiri. Kisha akasema kuna njia. Tutaongeza ukurasa mmoja mwishoni, wa mechi zote zilizofutwa, kama zilivyochezwa.

"Zote," akasema. "Hatuchagui. Kila kilichoandikwa siku ile kinaingia. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, hata kabla hajamaliza. Nataka ujue hilo: mimi ndiye niliyeomba ukurasa huo, na nilikubali masharti yake kabla sijajua kilichomo.

Jumamosi iliyofuata nilifungua daftari la msimu wako. Mechi ya kwanza dhidi ya timu ile, nyumbani: Ray, bao. Nilinakili kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nikageuza kurasa kutafuta mechi ya marudiano, kwao. Nayo ilikuwepo. Kulikuwa na mstari mmoja juu yako, kwa mwandiko wa Mzee Derek: dakika ya sitini na moja, Ray, kadi nyekundu, kumpiga kipa.

Nilikwenda kumwonyesha. "Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja na bao," akasema. "Nami nikakwambia zote."

Nikaenda kwa Bi Maureen, kwa sababu alikuwa akisafiri na timu kila mechi ya ugenini. Nikamuuliza kipa alikutukana nini. Nilikuwa na uhakika kulikuwa na tusi. Nilikuwa nimeshalichagua tusi lenyewe, Mjomba. Unajua lipi, lile ambalo watu wenye ngozi kama yetu wameshaitwa hapa mjini kwenye viwanja na nje ya viwanja. Nililitaka. Nilitaka alitamke ili niende nyumbani nikiwa na hasira na mtu mwingine.

"Alimwita jina gani?" nikauliza.

"Hakumwita jina, mpenzi."

"Hata moja?"

"Ningependa kukwambia ndiyo," akasema. "Ingekuwa rahisi kwako. Lakini nilikuwa nyuma ya goli pale."

Akanieleza. Kipa wao wa kawaida alikuwa ameshaondoka, timu ilikuwa inakufa, wakamweka kijana wa miaka kumi na saba. Glovu zilimzidi. Wewe ulipenya peke yako, umebaki na yeye tu, ukaukanyaga mpira ukaanguka chali. Uwanja mzima ulicheka. "Na mimi nilicheka," Bi Maureen akasema. "Ilichekesha." Kijana naye akacheka. Ukainuka ukampiga ngumi ya uso. Pua ilivunjika. Damu ilitapakaa kwenye zile glovu. Ulitoka bila kusubiri kadi, ukavaa koti juu ya jezi, ukaenda kituo cha treni peke yako. Jezi uliituma kwa posta, imefuliwa na kupigwa pasi. Hukucheza tena.

Wiki chache baadaye timu ile ikajitoa, ligi ikafuta kila kitu. Bao lako na ngumi yako, vyote.

Uliniambia ni goti. Nimemuuliza Mama. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Mimi nilikuwa Tanga wakati huo. Alinipigia simu akasema ameumia goti." Akamenya kingine. "Nikamtumia dawa ya kuchua."

Nilitembea sana siku hiyo. Nilitoka uwanjani nikafuata mto mpaka mabwawani, nikarudi, nikapita sokoni mpaka mwisho wake na kurudi tena, vibanda vikifungwa. Nilikuwa na hasira na wewe. Nina miaka kumi na sita. Yule kijana alinizidi mwaka mmoja tu, na wewe ulikuwa mtu mzima. Niliendelea kumwona amevaa glovu kubwa.

Kisha nikakumbuka mwaka ule darasa liliponicheka. Nilikuwa nimeambiwa nisome kwa sauti, nikatamka neno moja jinsi lilivyoandikwa, darasa zima likaangua kicheko. Nilikuja nyumbani nikasema sirudi tena shule. Mama alikuwa kazini. Uliketi nami kwenye ngazi, bado na sare yako ya basi, ukasema, "Mtu akikucheka, hesabu mpaka kumi kwa Kisambaa. Kisambaa cha Bibi, siyo cha kubahatisha." Nikakwambia sijui zaidi ya tano. Ukanifundisha pale pale, moja moja, mpaka taa ya ngazini ikajizima mara mbili. Nikakuuliza, "Na wewe wakikucheka huhesabu?" Uliingia jikoni ukaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Nimehesabu mara nyingi tangu siku ile, Mjomba. Nilifikiri ni mchezo ulioutunga kwa ajili yangu.

Ule ujumbe nilikutumia nikiwa bado natembea. Nimeusoma tena leo na umenitia aibu. Uliandikwa hivi: "Nimeona mechi ya pili. Ni kweli?" Basi. Bila shikamoo, bila kumuulizia Bibi, kama polisi. Mtoto wa dada yako hakuandikii hivyo. Sijui kama unanyamaza kwa sababu ya nilichouliza au namna nilivyouliza, na hilo ndilo linaloninyanyua kitini.

Mama ana msimamo wake. Juzi alisema, "Uutoe huo ukurasa. Wote."

"Nilimwahidi Mzee Derek."

"Mzee Derek si kaka yangu. Ligi yenyewe ilifuta. Wewe ni nani ukafukue?"

"Nilitaka bao lake liwepo, Mama."

"Kwani yeye alikuomba?"

Hukuniomba. Uliniomba tu nisimame na wewe kwenye kona.

Na Mzee Derek, siku nilipomwambia hujibu, hakunibana. Alisema ukurasa ule haujaombwa na mtu yeyote isipokuwa mimi, na mimi nikisema uondoke, utaondoka, na kitabu kitakuwa kama kilivyokuwa, sifuri na amani. Lakini kurasa zinakwenda kwa mchapaji Ijumaa. "Zote mbili au hakuna," akasema. "Siku moja mtu atafungua daftari lile na kutuuliza, na mimi sitakuwepo kumjibu. Utakuwepo wewe."

Nitakwambia na hili, kwa sababu sitaki niwe nimekufichua wewe tu. Jana baada ya shule nilikaa maktaba nikaandika ukurasa wa aina ya tatu. Uliokuwa na mechi ya kwanza peke yake. Nilipanga kusema karatasi ya mechi ya pili imepotea. Madaftari yale yana karatasi nyingi zilizopotea, nani angeshangaa. Ulipendeza sana. Jina lako, bao, basi. Niliutazama muda mrefu. Kitu kilichonizuia si uadilifu, usinisifu. Ni kwamba nilipoiondoa mechi ya pili, yule kijana naye aliondoka. Bi Maureen anasema huenda alidaka mechi mbili tatu tu, kisha timu ikafa. Kama hayumo kwenye daftari letu, hayumo popote. Leo ni mtu mzima, huenda ana watoto na pua iliyopinda, na akiwaambia kwamba aliwahi kusimama golini, hana karatasi ya kuwaonyesha. Wewe ulikuwa na mimi wa kukuamini.

Na ningebaki na mjomba mwingine, ambaye sikumjua. Mjomba mpole tu, aliyezaliwa mpole. Mimi nimeishi na yule aliyekuwa akihesabu. Dereva ambaye walevi walimcheka dirishani akaendelea kutazama barabara, midomo yake ikicheza. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele siku hiyo. Niliona. Nilidhani unaimba.

Kwa hiyo, Mjomba, nimeamua. Leo Alhamisi, saa kumi jioni, nimetuma kurasa kwa Mzee Derek naye amezipeleka kwa mchapaji, siku moja kabla, kwa sababu nilijua nikingoja Ijumaa nitabadilika. Mechi zote mbili zimo. Kwenye ya kwanza imeandikwa kwamba ulifunga. Kwenye ya pili imeandikwa kwamba ulitolewa kwa kumpiga kipa, na jina la kipa lipo, nimelitafuta mpaka nikalipata kwenye karatasi ya timu yao. Sikuandika kwa nini. Sikuandika ugoko wala mguu. Mama hajaniongelesha tangu saa kumi na moja, lakini ameniwekea chakula, na kimefunikwa.

Kama umekasirika, una haki. Nimefanya jambo lako bila ruhusa yako. Lakini usikasirike kimya. Nipigie unigombeze, nimekugombeza mimi kimoyomoyo wiki nzima na najua mengi utakayoyajibu.

Sitakuuliza tena juu ya yule kijana. Siku ukitaka kunieleza, nitaacha kitabu na nitainua kichwa. Usipotaka, si lazima uanzie huko. Nitumie sauti yako hata nusu dakika, uniambie Bibi leo amekula nini, na kama mkono wake umeanza kushika kijiko. Nitakujibu na nitakuambia matokeo ya mechi ya kirafiki ya Jumamosi, na tutakuwa tumeanza.

Anayekupenda, na mechi zote mbili,

Mpwa wako